Nusu Saa ya Komeo

Barua ilikuwa na mistari kumi na mmoja, na Daktari aliisoma yote kwa sauti mbele ya watu saba walioizunguka meza ya mikutano ya maabara. Mama Chupa hakuwa ameketi. Hakuna aliyemkataza kukaa, ila viti vilikuwa saba, na katika miaka kumi na minane ya kuosha vyombo mle ndani hakuwahi kuona kiti cha nane kikiletwa kwa ajili yake. Alisimama karibu na sinki, mikono bado imelowa, akajisikiliza akikiri.

"'Mimi, mhudumu wa maabara,'" Daktari alisoma, "'nakiri kwamba siku ya Ijumaa, kwa uzembe wangu, niliacha wazi mlango wa friza, na kwa sababu hiyo kemikali ya utafiti iliharibika na jaribio zima likaingia hasara.'"

Alisoma vizuri. Ana sauti ya mtangazaji yule mwanamume, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga tope. Ni kazi kumsikia mtu wa namna hiyo akisema "mimi" huku akikusudia wewe. Mama Chupa alihisi masikio yanamwaka, lakini hakuinamisha kichwa.

Kemikali yenyewe ilikuwa na jina refu, hata wasomi walilikata vipande viwili ili wapate pumzi katikati. Mama Chupa ndiye aliyeipa jina fupi. Siku ilipofika mara ya kwanza aliuliza kazi yake ni nini, na Profesa, ambaye siku hiyo alikuwa na furaha, akamweleza: seli ya mwili ina milango midogo midogo ambayo mafuta hupitia kuingia ndani, dawa hii hujibana mlangoni, mafuta yakabaki nje. Kwa njia hiyo wangejua seli za moyo zinaumiaje zikishiba mafuta kupita kiasi. "Kumbe ni komeo," alisema Mama Chupa, na tangu hapo maabara nzima ikaiita Komeo, hata wale waliosahau ni nani aliyeanza.

Jaribio lilikuwa rahisi kulitazama. Mafuta yalitiwa rangi inayong'aa kijani chini ya hadubini. Seli zisizo na Komeo ziliyameza na kuwaka. Seli zenye Komeo zilitakiwa kubaki giza. Jumatatu hiyo, kabla ya mkutano, zote ziliwaka, zenye Komeo na zisizo nayo. Daktari akasema kwamba asubuhi hiyo yeye ndiye aliyefika wa kwanza, na alikuta mlango wa friza umeachama. Joto limeua dawa. Basi.

"Una la kusema?" Profesa aliuliza. Alikuwa mwanamke wa umri wa kustaafu, miwani imepanda kwenye nywele, mtu mwema ila amechoka, na uchovu wake ulipenda mambo yaishe haraka.

"Naomba niisome mwenyewe," alisema Mama Chupa.

"Si nimeshaisoma?" Daktari alisema.

"Umesoma wewe. Lakini imeandikwa mimi."

Mtu mmoja pale mezani alikohoa, kikohozi kile cha mtu anayeficha kicheko. Daktari akaikunja barua mara tatu, akampa.

Alimfuata hadi kwenye korido, na huko sauti yake ikabadilika, ikawa laini. Alimwambia kwamba anamheshimu kama mama yake. Alimwambia hakuna mtu anayeosha vyombo vikatakata kama yeye. Alimwambia barua hii ni utaratibu tu, wafadhili wanataka maelezo kwenye ripoti, akisaini atapewa onyo la mdomo na hakuna atakayelikumbuka mwezi ujao. Asiposaini, jambo litapanda juu, na huko juu hawamjui.

"Mpaka Alhamisi," alisema, akampigapiga begani.

Mama Chupa ameshika chupa nyingi maishani, kwa hiyo anajua vizuri jinsi mtu anavyopakwa mafuta kwa mgongo wake. Aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sinki.

* * *

Nyumbani kwao ni vyumba viwili na kibaraza. Kwenye kibaraza mumewe alikuwa akishona soli ya kiatu cha mtu, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mguu wa kulia juu ya ndoo iliyopinduliwa, kifundo kimevimba tangu alipoteleza bafuni Ijumaa jioni. Watoto walikuwa bado shule. Mama Chupa alitua mkoba, akaweka maji ya chai jikoni, na kabla hayajachemka alikuwa ameshawaeleza yote.

"Dawa ya kuzuia mafuta," mama mkwe alisema. "Na wewe miaka yote hiyo hujaniletea hata kijiko? Unaniona nilivyo."

"Si ya kunywa, mama. Ni ya seli."

"Kwani mimi sina seli?"

Mumewe hakucheka. Aliendelea kuvuta uzi, akauma ncha kwa meno. "Saini," alisema.

"Unasemaje?"

"Saini, mama watoto. Onyo la mdomo, linaingia sikio hili linatokea lile. Ukishindana nao unamwaga unga, na hapa nyumbani unga ni huo wako. Hivi viatu ninavyoshona ni vya watu wanaosema watapita kesho."

Alilisema bila ukali, na hilo ndilo lililomuuma mkewe zaidi. Alikaa chini kwenye ngazi.

"Sijaharibu mimi," alisema.

"Ulifunga ule mlango?"

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Ijumaa jioni, wakati anapanga vitu vya mwisho ndani ya friza, simu ililia, akaambiwa mama mkwe ameanguka. Alivua koti jeupe huku anakimbia. Alikumbuka kuzungusha ufunguo. Alikumbuka mlio wake. Lakini friza ile ni kizee, mlango wake unataka usukumwe kwa goti kabla ya kufungwa, la sivyo ufunguo unazunguka hewani na mlango unabaki na upenyo. Kuhusu goti, alijitafuta usiku na mchana na hakujiona.

"Sijui," alisema. "Naapa sijui."

"Basi niandikeni mimi," mama mkwe alisema. "'Mimi, mwanamke mzima, nakiri kwamba kwa uzembe wangu nilikanyaga sabuni.' Nitaweka na dole gumba."

"Mama, tafadhali," mumewe alisema.

"Lakini kuna kitu ninachokijua," Mama Chupa aliendelea. "Ijumaa asubuhi nilimtolea Komeo saa tatu kamili. Nikaiweka mezani ndani ya karatasi yake ya fedha, na kikaratasi changu chini yake: imetoka saa tatu, isifunguliwe kabla ya saa tatu na nusu. Hivyo ndivyo tunavyofanya siku zote. Mnajua soda ikitoka kwenye barafu inavyotoa jasho? Na kichupa nacho hivyohivyo. Ukikifungua kingali baridi, unyevu wa hewa unaingia ndani, unakaa juu ya unga. Na Komeo haipatani na maji. Ikilowa tu inaanza kufa, hata ukiirudisha kwenye baridi. Nilikwenda kuchota maji ya kuoshea. Sikumaliza dakika kumi. Narudi, nakuta ameshaifungua, ameshapima kwenye mizani, kikaratasi changu kiko kwenye pipa. Akaniambia nirudishe mpaka Jumatatu, siku ya kuitia kwenye seli. Unga ulikuwa umeshikana mdomoni mwa kichupa, madonge."

"Ukamwambia?"

"Sikumwambia."

"Kwa nini?"

Alitazama mikono yake. Maji ya sabuni yameila miaka yote, ngozi ya vidole imekuwa nyembamba. "Kwa sababu yeye ni Daktari na mimi ni Mama Chupa," alisema. Aliona haya kulisema. Alijichukia kidogo kwa kunyamaza siku ile, na alilisema hilo pia.

Mumewe akanyoosha mkono. "Hebu nione hiyo barua."

Aliifunua juu ya goti, pembeni ya kiatu. Alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipofika mstari wa tatu midomo ikasimama. Akarudi mwanzo. Akasimama tena palepale.

"'Nakiri kwamba kwa uzembe wangu,'" alisema.

"Ndiyo."

"Ni maneno yaleyale."

Mama mkwe aligeuka. Mama Chupa naye. Walijua, kama kila mtu mtaani alivyojua, kwamba mshona viatu huyu alipunguzwa kazi kiwanda cha sabuni miaka sita iliyopita baada ya pipa la mafuta ya moto kupinduka. Kupunguzwa, ndivyo alivyosema siku zote. Wengi walipunguzwa mwaka ule.

"Sikupunguzwa," alisema. Alikuwa akizungumza na kiatu. "Pipa lilipinduka kwa sababu mnyororo ulikuwa umeoza. Tulishawaambia mara mbili. Msimamizi akaniletea karatasi, akasema ni ya bima, saini yaishe, utapata onyo tu. Nikasaini. Nusu mwaka baadaye, walipotaka watu wa kuwatoa bila kiinua mgongo, wakaifungua. Nikaoneshwa sahihi yangu. Ningesema nini, na mkono ni wangu?"

Maji ya chai yalichemka yakamwagikia moto, na hakuna aliyenyanyuka.

"Miaka sita," Mama Chupa alisema. "Umelala na hilo miaka sita?"

"Niliona haya."

Angeweza kumkasirikia, na nusu ya moyo wake ilitaka. Lakini alimtazama jinsi alivyoshika ile barua kwa ncha za vidole, akaona kwamba wametumia wino mmoja kuwapaka wote wawili, na hasira yake ikahama, ikaenda kunakostahili.

"Kwa hiyo nisaini?" aliuliza.

Mumewe aliikunja barua kwenye mikunjo ileile mitatu, akamrudishia. "Usisaini," alisema. "Unga ukimwagika tutauzoa."

"Jikaze kisabuni, mwanangu," mama mkwe alisema, kisha akakumbuka kilichomwangusha bafuni, akacheka mwenyewe.

* * *

Jumanne asubuhi Mama Chupa alibisha mlango wa ofisi ya Profesa. Daktari alikuwa humo, ameketi kwenye ukingo wa meza kama mtu aliye kwake. Alimwona barua mkononi, akachomoa kalamu mfukoni, akamnyooshea.

"Sikuja kusaini," Mama Chupa alisema. "Nimekuja kuuliza. Kwenye boksi lile zilikuja chupa ngapi za Komeo?"

"Mbili," Profesa alisema. "Unajua hivyo, wewe ndiye uliyezipokea."

"Na ya pili?"

"Iko ndani ya friza. Haijafunguliwa. Tunarudia jaribio Alhamisi, tunaomba Mungu."

"Friza ileile? Rafu ileile?"

"Rafu ileile."

"Basi, Profesa, kama ni mlango, mlango hauwezi kuchagua chupa. Zililala pamoja Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kama joto limeua moja, limeua zote mbili. Na kama ya pili ni nzima, aliyeua ya kwanza si mlango."

Profesa aliteremsha miwani kutoka kwenye nywele, akaivaa. Huo ulikuwa mwendo wa mtu anayeamka.

"Na mlango ulifunga?" aliuliza.

"Sikumbuki." Hakumeza mate kabla ya kulisema, na hilo alilifurahia baadaye. "Niliondoka mbio, nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Huenda nilifunga, huenda sikufunga. Kama nilikosea hapo, niambieni nilikosea kufunga mlango, nitaikubali. Lakini hiyo barua haisemi hivyo. Inasema nimeua Komeo."

"Profesa, wafadhili wanakuja Alhamisi hiyohiyo," Daktari alisema. "Saa nane mchana. Lazima faili liwe na maelezo kabla hawajafika. Barua ni jambo dogo."

"Kama ni dogo, itasubiri," Profesa alisema. "Jaribio kwanza."

"Na likishindikana tena?" Daktari alimgeukia Mama Chupa. Alitabasamu. "Utasaini?"

Alifikiria vyumba viwili, watoto, viatu vya watu wanaopita kesho. Alifikiria goti ambalo halikumbuki. Hakuwa na hakika. Mtu asidanganywe kwamba alikuwa na hakika.

"Likishindikana nitasaini, na nitaacha funguo mezani siku hiyohiyo," alisema. "Hamtahitaji kunipa onyo."

"Tumekubaliana," Daktari alisema haraka mno.

Mama Chupa alikuwa ameshafika sinki, amefungua bomba, ndipo lilipompiga. Atakayefungua chupa ya pili ni nani? Yuleyule. Na atakuwa na haraka kuliko Ijumaa, kwa kuwa wageni watakuwa njiani. Ataifungua ingali baridi, unga utalowa, seli zitawaka kijani, na hapo chupa ya pili itakuwa shahidi dhidi yake. Ametoa kichwa chake mwenyewe na kuwawekea mezani. Alifunga bomba, akasimama mikono inachuruzika, akafikiri mpaka beseni la kwanza likapoa.

* * *

Alhamisi alifika kabla ya wote. Alifungua friza, akausukuma na kuuvuta mlango mara kadhaa kuijua tabia yake, kisha akafunga kwa goti, kwa nguvu, mara mbili. Halafu akaenda kwenye meza ya mikutano na kuchukua kiti kimoja kati ya vile saba. Alikibeba hadi kwenye meza ya kazi.

Daktari aliingia saa tatu kasoro dakika chache, glavu ameshavaa.

"Komeo," alisema, bila hata habari za asubuhi.

Mama Chupa alifungua friza, akakitoa kichupa kwa koleo, kikiwa kimevikwa karatasi ya fedha. Akakiweka mezani. Chini yake akaweka kikaratasi: Imetoka 3:00. Isifunguliwe kabla ya 3:30. Kisha akavuta kiti, akaketi, na kuweka mikono yake pande mbili za kichupa, bila kukigusa, kwa namna ambayo mtu angelazimika kuisogeza mikono ndipo akifikie.

"Nini hiki?"

"Nusu saa."

"Mama, seli ziko tayari. Zikikaa zinakufa. Nina kazi ya saa nne nzima hapa na wageni saa nane."

"Seli nilizitazama saa mbili na nusu, ziko kwenye joto lake, hazina neno. Ungekuja mapema kidogo, ningeitoa mapema."

"Ondoa mikono."

"Saa tatu na nusu nitaondoa."

Daktari alimsogelea. Harufu ya manukato yake ilimfikia. "Unajua unaongea na nani?"

"Najua, Daktari. Ijumaa nilijua pia, ndiyo maana nilinyamaza. Leo ukimya huo nimeuacha nyumbani."

Wengine walianza kuingia, mmojammoja, wakasimama mlangoni na mikoba yao. Hakuna aliyemtetea. Mmoja alijifanya anatafuta kitu kwenye droo. Daktari alisema kwamba mhudumu amegoma. Alisema kwamba mhudumu anahujumu utafiti. Alisema atamwita askari wa getini, na akaondoka kama anayekwenda kumwita, akafika kwenye simu ya ukutani, akaishika na kuirudisha, kwa sababu ni vigumu kumweleza askari kwamba mama mmoja ameketi. Mama Chupa hakusogeza mikono. Saa ya ukutani ilisema tatu na dakika nane.

Profesa aliingia saa tatu na kumi na mbili.

"Mbona mmesimama?"

"Muulize huyu," Daktari alisema. "Kashikilia chupa ya mwisho. Tumesubiri miezi minne ifike, na sasa anatuwekea ulinzi."

"Inapoa," Mama Chupa alisema, kisha akajirekebisha. "Inapata joto la chumba. Ikifunguliwa baridi inatoa jasho ndani, unga unalowa. Dakika kumi na nane tu zimebaki."

Profesa aliinama akakisoma kikaratasi. Alikisoma kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

"Hii ndiyo kanuni," alisema. "Niliiandika mimi, ukutani, wakati friza hii ikiwa mpya." Akamgeukia Daktari. "Ijumaa ilisubiri?"

"Profesa, ni unga tu. Dakika ishirini haziwezi kuleta tofauti yoyote."

Aliyekuwa anatafuta kwenye droo aliacha kutafuta. Daktari alifungua mdomo, na ilionekana usoni kwake kwamba ameyasikia maneno yake mwenyewe, yakiwa yamechelewa kurudishwa.

"Nilikuuliza kama ilisubiri," Profesa alisema. "Hukuniambia ilisubiri. Umeniambia kusubiri hakuna maana."

Akavuta kiti kingine kutoka kwenye meza ya mikutano, akakileta, akaketi mkabala na Mama Chupa, kichupa kikiwa katikati yao. Akakunja mikono. Wanawake wawili wakakitazama kichupa. Tone dogo la maji lilitembea juu ya karatasi ya fedha, likaanguka kwenye kikaratasi, likaloanisha ile tatu.

Saa tatu na nusu Mama Chupa alikipangusa kichupa kwa kitambaa kikavu, akakigusa kwa shavu kama mtu anayepima homa ya mtoto, akaondoa mikono.

"Karibu, Daktari," alisema.

* * *

Saa saba na nusu walizima taa za chumba cha hadubini. Profesa alitazama kwanza. Alizungusha gurudumu dogo, akasogeza sahani, akazungusha tena. Alitazama seli zisizo na Komeo, na mwanga wa kijani ukampiga machoni. Akarudi kwenye zile nyingine.

"Mama Chupa," alisema. "Njoo uone."

Miaka kumi na minane ameifuta hadubini ile, ameisogeza, ameifunika kwa kitambaa chake kila Ijumaa. Hakuna siku aliyoambiwa aweke jicho. Aliinama, akakosea, akaona kope zake mwenyewe. Profesa akamshika bega akamwelekeza.

"Sioni kitu," alisema. "Giza tu."

"Ndiyo," Profesa alisema.

Ilimchukua pumzi moja kuelewa. Kisha hakutoka. Aliendelea kuinama, akilitazama lile giza zuri, mafuta yote yako nje na milango yote imefungwa, na hakuna mtu aliyemwambia inatosha. Machozi yalimtoka na hayakumwaibisha.

Wageni walikuja, wakaoneshwa giza, wakapiga picha, wakaenda. Baada ya hapo Daktari alimkuta kwenye sinki. Hakuwa na sauti ya mtangazaji.

"Basi yamekwisha," alisema. "Nipe ile barua niichane."

"Hayajaisha. Ilisomwa mbele ya watu saba."

"Sasa unataka nini? Niisome tena?"

"Nataka wale saba wasikie kwamba si kweli. Kwa sauti ileile."

Profesa, aliyekuwa akipita, alisimama. Akamtazama Daktari, akasema mkutano utakuwa saa tisa. Na saa tisa ukawepo. Mama Chupa alikibeba kiti chake kutoka kwenye meza ya kazi, akakipenyeza kati ya viti viwili, watu wakajisogeza, akaketi. Safari hii mtu wa saba ndiye aliyekosa kiti, akaegemea friza. Daktari alisema kwamba kemikali ya kwanza iliharibika kwa kufunguliwa kabla ya wakati, na kwamba aliyeifungua ni yeye. Alilisema haraka na kwa chini, na Profesa akamwomba arudie. Akarudia. Neno la samahani hakulitoa, na hakuna aliyemkamua.

"Na mimi," Mama Chupa alisema, "huenda sikusukuma mlango kwa goti. Kuanzia leo nitausukuma mara mbili. Hilo naliandika mwenyewe, mkitaka."

Hawakutaka.

Mkutano ulipovunjika Daktari alinyoosha tena mkono. "Barua."

"Si yako," alimwambia. "Imeandikwa mimi."

* * *

Jumapili mchana, kibarazani, mumewe alisafisha meza yake ya viatu. Aliitandaza barua juu ya ubao, akaweka rula ya chuma, akashika kisu chake cha kukatia ngozi. Mkono wake, ambao miaka sita iliyopita ulisaini bila kusoma, ulikuwa umetulia kabisa. Alikata ukanda wa kwanza. Alikata wa pili. Upande mmoja ulikuwa na maneno, upande wa pili mweupe.

"Upana huu unatosha?" aliuliza.

"Unatosha."

"Karatasi nzuri hii. Nzito." Aliendelea kukata, kisha akasema, bila kuinua macho, "Na ile yangu ningekuwa nayo."

Mkewe alimwekea mkono mgongoni. Mama mkwe alihesabu vipande kwa kidole akavipata ishirini na vinne, akasema vitafika mpaka mwaka mpya.

Jumatatu saa tatu kamili Daktari alikuja kuchukua Komeo, ile iliyobaki kwenye chupa ya pili. Alikikuta kichupa mezani ndani ya karatasi yake ya fedha, na chini yake kikaratasi chenye nyakati mbili, wa kutoka na wa kufungua. Mama Chupa alikuwa sinkini, amempa mgongo, beseni limejaa povu. Daktari alitazama huku na huku. Akakichomoa kikaratasi polepole, akakigeuza. Nyuma yake kulikuwa na maneno matatu yaliyobaki baada ya kisu kupita: kwa uzembe wangu.

Alikirudisha kilipokuwa. Akavuta kiti, akaketi, akakunja mikono kuisubiri saa tatu na nusu.